Ni Gari Lililoshinda?

Mtaje Michèle Mouton mbele ya watu wanaojua magari, uone. Utasema alishinda Sanremo, Italia, Oktoba 1981, akawa mwanamke wa kwanza kushinda duru ya mashindano ya dunia ya mbio za magari, na kwamba hadi leo hajapatikana wa pili. Utaongeza kwamba mwaka 1982 alishinda duru tatu, Ureno, Ugiriki na Brazil, na hakuna dereva mwingine mwaka huo, mume au mke, aliyeshinda nyingi hivyo. Watakusikiliza kwa heshima. Kisha mmoja ataegemea kiti chake na kusema, "Sawa, lakini si unajua alikuwa na Quattro? Hiyo gari ndio ilimbeba."

Kinachoniudhi ni kwamba huyo jamaa hadanganyi. Audi Quattro ilikuwa mashine ya ajabu: turbo, halafu nguvu ya injini inagawiwa magurudumu yote manne wakati wapinzani wengi bado walikuwa wanasukumwa na mawili ya nyuma. Kwenye matope, theluji na changarawe, tofauti hiyo si ndogo. Mjerumani Walter Röhrl, aliyempiku Mouton kwenye ubingwa wa 1982 kwa alama 109 dhidi ya 97, aliendesha Opel ya magurudumu mawili. Mtu akisema Röhrl alifanya kazi ngumu zaidi kwa chombo dhaifu zaidi, simbishii.

Swali langu ni jingine. Mbona ukweli huu huwa na wakati wake maalumu wa kusemwa?

Chukua mfano wa hapa nyumbani. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara tano, mwaka 1973 na kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Zote tano alikuwa ndani ya Datsun. Wazee wetu waliokuwa wakisimama kando ya barabara msimu wa Pasaka kungoja magari wanamtaja Mehta kwa fahari, na Datsun wanaisifu pia, lakini sijasikia mtu akitumia sifa ya Datsun kumpunguzia Mehta yake. Kwake gari na dereva wanagawana utukufu bila ugomvi. Kwa Mouton, kila alama anayopewa Quattro ni alama anayonyang'anywa yeye.

Na hiyo Quattro haikuwa yake peke yake. Hannu Mikkola, Mfini mwenye uzoefu mkubwa, alikuwa timu hiyohiyo na gari hilohilo mwaka 1982. Alishinda duru mbili, akamaliza msimu wa tatu, nyuma ya Mouton. Mwaka 1983 mambo yakageuka: Mikkola akawa bingwa wa dunia, Mouton akamaliza wa tano. Hapo nami nakubali bila kuzunguka kwamba mwaka huo Mikkola alikuwa bora. Kumtendea haki Mouton hakunilazimu nimpe zaidi ya alichofanya. Ila fungua vitabu vya rekodi vya 1983 na utakuta jina la Mikkola limeandikwa bingwa bila "lakini" yoyote pembeni.

Halafu kuna Safari ya mwaka huohuo, 1983, ambayo nadhani ingetosha kumaliza ubishi huu kama watu wangeikumbuka. Audi walileta Quattro zao Kenya. Siku hizo Safari ilikimbizwa kwenye barabara zilizo wazi, pamoja na ng'ombe, punda na matatu zenye haraka zake. Quattro zikashika nafasi ya pili na ya tatu: Mikkola, kisha Mouton. Aliyeshinda ni Ari Vatanen, ndani ya Opel Ascona, magurudumu mawili ya nyuma! Kwa hiyo gari la kushinda peke yake lilikuja hapa kwetu na halikushinda. Inaonekana kuna kitu mle ndani, nyuma ya usukani, ambacho nacho kina kazi.

Hii tabia ya kutafuta mashine nyuma ya mwanamke ilimwandama Mouton hata kabla ya Quattro. Alipoanza kuendesha katikati ya miaka ya 1970 akiwa na Alpine A110, kasi yake ilizua minong'ono kwamba injini imechezewa. Wakaguzi wakaikagua. Wakakuta injini ya kawaida.

Kama tunataka kweli kuhesabu misaada, basi tuhesabu yote. Alpine hiyo ilitokana na baba yake. Mouton alizaliwa mwaka 1951 karibu na Grasse, kusini mwa Ufaransa, mji wa manukato, na wazazi wake walikuwa wakulima wa waridi na asumini. Alianza mchezo huu akiwa mwelekezi, yule anayekaa kando ya dereva na kumsomea barabara. Baba akamwambia kama anataka mbio, aendeshe mwenyewe: atamnunulia gari na kumgharamia mwaka mmoja, aonyeshe anachoweza. Wangapi wana baba wa hivyo? Mbio za magari ni mchezo wa wenye pesa, Ufaransa na hapa pia. Wengi wetu tunaoenda Naivasha kumezeshwa vumbi tunajua hatutawahi kukaa upande wa pili wa lile vumbi, na si kwa sababu hatuna kipaji.

Mwanafalsafa Mmarekani John Rawls, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu haki, alienda mbali zaidi. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba hata kipaji ulichozaliwa nacho hukustahili, ulikikuta tu. Na hata ile bidii unayojivunia, sehemu yake kubwa imetokana na nyumba uliyolelewa. Ni hoja inayotisha ukiifuata hadi mwisho. Toa gari, toa pesa ya baba, toa macho makali na mikono myepesi, toa moyo usiotishika ambao huenda uliurithi. Nani anabaki kwenye usukani? Hakuna mtu. Lakini ona basi, habaki Röhrl, habaki Mehta, wala habaki yule jamaa aliyeegemea kiti.

Sidhani nataka kuishi katika ulimwengu ambao hakuna anayesifiwa. Naona mtu ana haki ya kusifiwa kwa alichofanya na alichopewa, na alichopewa kitajwe waziwazi. Ila kitajwe kwa wote. Tunajua jinsi kinavyotajwa hapa. Mwanamke akipandishwa cheo ofisini, kabla ya chakula cha mchana mtu ashauliza nani alimbeba. Mwanamume aliyeingia kazi hiyohiyo kwa simu moja ya mjomba anaitwa mtu wa watu, anajua kujipanga. Wawakilishi wa kike wa kaunti zote 47 wameambiwa viti vyao ni vya kupewa, ilhali wamevipigania kwenye kura za kaunti nzima, eneo kubwa kuliko la mbunge yeyote wa kaunti hiyo.

Kipimo kizuri zaidi nilichonacho ni kutazama kinachotokea chombo kinapoharibika. Mwisho wa Oktoba 1982, Mouton alikuwa Ivory Coast akipigania ubingwa na Röhrl. Kabla tu ya mbio kuanza akapata habari kwamba baba yake amefariki kwa saratani. Baba alikuwa ametaka aendeshe. Aliendesha. Unaweza kuuliza kama ilikuwa sawa, kama mtoto hapaswi kwenda nyumbani kuzika kwanza; kwetu wengi wangeuliza hivyo, tena kwa sauti. Mimi naona wosia wa aliyekununulia gari la kwanza ni aina ya mazishi pia, na sitamhukumu.

Aliongoza kwa muda mrefu. Kisha giaboksi ikaanza kumsumbua, muda aliokuwa ameuweka akiba ukayeyuka, Röhrl akamkaribia, na akijaribu kurudisha muda huo Mouton akapata ajali. Mbio zikaishia hapo na ubingwa ukaenda na Röhrl.

Sasa, kama kweli gari ndilo lililoshinda Ureno, Ugiriki na Brazil, basi gari ndilo lililoshindwa Ivory Coast. Hesabu ni hiyohiyo. Lakini simulizi inayosimuliwa zaidi ni ya mwanamke aliyepoteza ubingwa: presha, majonzi, hisia. Giaboksi inatajwa kwa haraka kama mgeni aliyepita tu. Mashine inapofanya vizuri, sifa inarudi kiwandani Ujerumani. Mashine inapokufa, lawama inabaki na aliyeishika. Hakuna fundi anayeweza kukubali mkataba wa namna hiyo, na ndio tuliomwandikia yeye.

Mouton aliendelea. Mwaka 1985 alivunja rekodi ya kupanda mlima Pikes Peak huko Marekani, ndani ya Audi, na mwaka 1986 akawa bingwa wa Ujerumani akiwa na Peugeot, gari la kampuni nyingine kabisa. Akastaafu mwaka huohuo, magari ya Kundi B yalipopigwa marufuku baada ya vifo vingi.

Nimemsahau mtu mmoja kimakusudi hadi sasa, kwa sababu ndivyo husahaulika. Sanremo, Ureno, Ugiriki na Brazil, Mouton hakuwa peke yake ndani ya gari. Kando yake alikuwa Muitaliano Fabrizia Pons, daftari mapajani, akimsomea kila kona kabla haijaonekana. Miaka 14 na ushei baada ya yale ya Ivory Coast, Januari 1997, Pons alikuwa kwenye kiti hichohicho katika Monte Carlo, mara hii dereva akiwa mwanamume, Piero Liatti, na gari likiwa Subaru Impreza. Wakashinda. Vijana wa Nairobi wanaoabudu Subaru wanaweza kukusimulia gari hilo hadi rangi ya rimu zake. Sijasikia hata mmoja akisema Pons alibebwa na Subaru. Wala sijasikia mmoja akimtaja.