Je, Mgonjwa Aambiwe Hatari Yote?



Wengi wetu tunaumwa mgongo, na wachache hupewa rufaa kwenda kupasuliwa. Hapo swali hutujia: je, ni upendo kumficha mgonjwa hatari ili asiogope?

Tuchukue mfano mmoja. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini. Kimoja kikichomoza, huweza kubana mshipa wa fahamu, mguu ukauma au kufa ganzi. Mwaka 1934 madaktari Mixter na Barr wa Boston, Marekani, waliandika jinsi ya kukiondoa kwa upasuaji. Lakini mbele ya pingili hizo imepita mishipa mikubwa ya damu. Daktari anafanya kazi kutokea nyuma, haioni. Chombo kikipenya mno hutoboa mshipa, na damu humwagika upande wa tumboni, huku kidonda cha mgongoni mara nyingi hakionyeshi kitu. Dalili ni shinikizo la damu kushuka ghafla. Hapo mgonjwa hugeuzwa upesi, apasuliwe tumbo, mshipa ushonwe. Linton na White waliandika juu ya jeraha la namna hii mwaka 1945. Ni nadra sana, wagonjwa wachache tu katika kila 10,000, lakini huweza kuua.

Wengine husema jambo la nadra hivyo lisitajwe. Ndugu anayetafsiri humeza maneno ya daktari, na mgonjwa huweka dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa. Nia ni njema. Lakini mwili ni wa nani? Sisi wakimbizi tumeamuliwa mambo mengi na wengine. Tusimnyang'anye mwenzetu na hili. Yesu alifundisha kwamba mjenga mnara huketi kwanza ahesabu gharama (Luka 14:28). Atahesabuje aliyefichwa?

Tena, siri huzaa shuku. Msiba ukija bila mtu kuonywa, tunatafuta mchawi, au tunamlaani daktari aliyejitahidi. Walioambiwa mapema hulia, lakini hawagombani.

Kusema kweli si kutisha. Tumwambie pia kwamba wengi hupona. Tumsaidie kuuliza: kuna tiba nyingine? Damu ya kuongezewa ipo? Nani atashona mshipa ukitoboka? Akisema hataki kujua, huo nao ni uamuzi wake.

Imani si kutoijua hatari. Ni kumtumaini Mungu huku tukiijua. Bwana awabariki.