"Tangulieni"

Tulipopanda kwa baiskeli kutoka Mombo kwenda Lushoto, kilomita 33 za kona na makorongo, mwenzetu mmoja alichoka kabla ya Soni. Akasema, "Tangulieni." Tukatangulia.

Je, tulitenda haki? Twaweza kujitetea kwamba tuliheshimu neno lake. Lakini mgeni akisema ameshiba hatuondoi sahani, bali twamsihi aongeze. Mbona yeye hatukumsihi hata mara moja? Kwa kweli tulitaka kuwahi chai.

Akina mama waliobeba kuni walimkuta ameketi kando ya barabara. Wakatua mizigo, wakakaa naye mpaka akapata nguvu. Sisi hatukuwa na mzigo wowote.

Alipofika jioni hakutulaumu. Aliomba maji, akauliza kama tulifika salama.