Mateso na Almasi

Liko neno tunalolisikia siku hizi msibani na kando ya vitanda vya wagonjwa: kwamba tuvumilie, maana mateso humfanya mtu kuwa almasi. Hulisema wenye nia njema. Lakini je, ni kweli? Na je, ni haki kumwambia hivyo mwenye kuumia?

Tuanze na almasi yenyewe. Sisi tuliofundisha tunajua jinsi wanafunzi wanavyokataa kusadiki kwamba almasi na kalamu ya risasi ni ndugu. Ndani ya kalamu ile hamna risasi hata chembe. Mna grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Grafiti ni kaboni, na almasi ni kaboni. Tofauti ni mpango tu. Katika almasi kila atomi imeshikamana na nyingine nne pande zote, ndiyo maana ni ngumu mno. Katika grafiti imeshikamana na tatu, zikafanya tabaka zilizolaliana kama kurasa za daftari. Tabaka hizo huteleza zikabaki juu ya karatasi, nasi tukapata kuandika.

Nchi yetu imejaliwa zote mbili. Huko Mwadui, Shinyanga, Dk. John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 ikapatikana moja ya rangi ya waridi, karati 54.5, nayo ikatolewa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Grafiti nayo iko Mahenge.

Almasi hufanyika chini sana, kilometa 150 na zaidi, penye joto na mgandamizo mkubwa. Lakini mgandamizo peke yake hautoshi. Lazima miamba iliyoyeyuka iipandishe juu upesi. Ikikawia njiani katika joto lile, hugeuka kuwa grafiti. Na grafiti ya Mahenge pia ilipita katika joto na mgandamizo, wala haikuwa almasi.

Basi neno lile ni nusu ya kweli. Mkoa wetu wa Kigoma umepokea watu wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972, na mwaka 1996 wengi wa Kongo walivuka ziwa kuja kwetu. Wako waliotoka katika dhiki hizo wakawa walimu na viongozi. Wako pia ambao hawakuinuka tena. Tukishika kwamba mateso hufanya almasi, hao wa pili tumekwisha wahukumu: waliteswa, na bado wakashindwa kung'aa.

Mtu atasema, binadamu si jiwe, ana hiari yake. Ni kweli. Lakini hiari nayo huhitaji nguvu, na nguvu mara nyingi hutoka kwa aliyetushika mkono mapema. Kabla ya kuuliza kwa nini fulani hakuinuka, tuulize ni nani aliyekwenda kumwinua, na alikwenda lini.

Tena grafiti si almasi iliyoharibika. Watoto wetu hujifunza kuandika kwa hiyo, na hakuna anayeilaumu kwa kutong'aa. Kwa hiyo, tukienda kumpa jirani pole, tuache habari za almasi. Tuchukue unga, tuteke maji, tuketi naye.