Mama Asilaumiwe kwa Mifupa ya Mwanawe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu! Katika darasa letu la baada ya Maghribi, hapa Mji wa Kale, tuliulizwa swali ambalo hatukuona vyema kulijibu kwa maneno mawili. Mtoto amezaliwa, na kabla hajatimiza mwaka macho yake hayafuati taa, damu yake ni pungufu, na mifupa yake yavunjika kwa jambo dogo. Jamaa za mume wanena kuwa mke amerithi majini ya kwao, au ametenda dhambi anayoificha. Tukaulizwa: Je, mwanamke huyu aachwe?

Dhana ya namna hii ni ya kale. Bwana mmoja wa kabila la Fazara alimwendea Mtume (s.a.w.) akimdhania mkewe vibaya, kwa kuwa alizaa mtoto asiyefanana naye kwa rangi. Mtume hakumlaumu mke. Alimwuliza bwana yule khabari za ngamia wake, naye akakiri kuwa miongoni mwa ngamia wekundu wamo wa rangi ya kijivu. Alipoulizwa rangi hiyo imetoka wapi, alijibu kuwa labda ni mshipa wa asili uliowavuta. Mtume akamfahamisha kuwa huenda na mwanawe ni vivyo hivyo. Hadithi hii imepokewa na Bukhari na Muslim, na inatosha kumfunga mdomo kila mwenye kukimbilia kumtuhumu mke.

Urithi huo uliofichika wataalamu wa leo huuita jeni. Basi mara ngapi tumelia jini, na kumbe ni jeni!

Maradhi tuliyoulizwa yafanana na yale yaitwayo mifupa ya jiwe, nayo ni haba: aina yake kali humpata takriban mtoto mmoja katika watoto 250,000. Kila mwenye nyumba ya matumbawe ajua kuwa chokaa kuukuu hubanduliwa kwanza, ndipo mpya ipakwe. Mifupa nayo ina mafundi wawili, mmoja wa kubomoa na mmoja wa kujenga. Yule wa kubomoa asipofanya kazi, mfupa huzidi unene lakini hukosa uimara. Nafasi ya uboho hujaa, damu ikapungua. Tundu ipitayo mishipa ya macho hubana, mtoto akapofuka.

Hapa pana ajabu ya uumbaji. Fundi huyo wa kubomoa huzaliwa ndani ya uboho, kutokana na chembe za shina, yaani zile chembe zinazozaa chembe nyingine za damu. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1970 na 1980, madaktari wamewapa baadhi ya watoto hawa uboho wa mtu mwingine anayelingana nao, aghlabu ndugu yao, na mifupa ikaanza kutengenea. Si kila aina ya maradhi haya hupona kwa njia hiyo, na macho yaliyokwisha kupofuka kwa kawaida hayarudi. Kwa hiyo miezi inayopotezwa kwa mganga ni miezi ya macho ya mtoto.

Chembe za shina zina faida nyingine, nayo ni ya kusomea maradhi. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, alizirudisha chembe za panya katika hali ya shina, na mwaka 2007 akafanya hivyo kwa chembe za ngozi ya binadamu. Alitunukiwa Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon. Kwa njia hiyo wataalamu wa Kyoto walichukua chembe za wagonjwa ambao nyama zao hugeuka mfupa, wakayatazama maradhi yao nje ya mwili. Mwaka 2017 wakaanza kuwajaribia wagonjwa dawa iliyokuwa ikitumika kwa waliopandikizwa figo. Kujaribu si kuponya, na anayewauzia watu chembe za shina kama dawa ya kila ugonjwa ni wa kuogopwa.

Huenda msomaji akauliza hukumu ya sharia. Baraza la Fiqhi la Makka, katika kikao chake cha Desemba 2003, liliruhusu kuchukua chembe hizi kwa mtu mzima aliyeridhia bila kudhurika, na kwenye kitovu na kondo la nyuma, kwa ajili ya tiba na utafiti halali. Likakataza kutoa mimba kwa makusudi ili kuzipata. Basi familia ikiombwa damu au ngozi kidogo kwa utafiti, ikaelezwa wazi na ikaridhia, twaitaraji kuwa sadaka. Watoto wa Kilifi wamekwisha kutangulia: kwa damu yao watafiti wa KEMRI waliokita huko tangu mwaka 1989 wameyajua mengi juu ya selimundu.

Limebaki jambo zito. Aina kali ya mifupa ya jiwe aghlabu humtokea mtoto aliyerithi kasoro mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, nao wenyewe ni wazima. Katika kila mimba yao pana hatari ya robo. Mtu na binamu yake wa kwanza hushirikiana thumuni ya urithi, kwa hiyo kasoro iliyofichika katika ukoo hukutana kwa wepesi zaidi. Hatuharamishi alichohalalisha Mwenyezi Mungu, lakini ruhusa si amri. Mahari yakiulizwa kabla ya nikahi, kwa nini maradhi ya ukoo yasiulizwe?

Jibu letu basi ni hili: asiachwe. Akiwa mama ametoa nusu, baba naye ametoa nusu, na hakuna kati yao aliyechagua. Mpelekeni mtoto kwa daktari leo, wala msingoje kesho. Nanyi jamaa za mume, mwendeeni mke huyo mkamtake radhi.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na awaponye watoto wetu. Amin.