Jumapili 16 Kabla ya Krismasi

Andiko kuu: 1 Wakorintho 16:1-4, 2 Wakorintho 8:10-12, 9:1-5

 

Jumapili iliyopita niliposema kwamba ujumbe wa siku hiyo ni Krismasi, watu walicheka. Mama mmoja wa kwaya alimgeukia jirani yake, nikaona midomo ikisema, "Krismasi gani?" Ni Septemba. Watoto ndio kwanza wamerudi shule kwa muhula wa tatu, na mchungaji msaidizi anatuletea habari za Desemba. Nikawaacha wacheke, kisha nikauliza swali moja: Januari iliyopita ilikukuta wapi? Kicheko kikapungua. Ndugu mmoja pale nyuma akajibu kwa sauti, "Njaanuari!" Tukacheka tena, lakini safari hii ilikuwa kicheko cha watu wanaokumbuka kitu.

Tulihesabu pamoja. Kuanzia Jumapili ile hadi Jumapili ya mwisho kabla ya tarehe 25 Desemba, zilikuwa Jumapili 16. Shika hiyo namba, tutairudia.

Paulo na mchango wa Wakorintho

Waumini wa Yerusalemu walikuwa na uhitaji, na Paulo alikuwa akizunguka katika makanisa kukusanya msaada wao. Kanisa la Korintho lilikuwa miongoni mwa wa kwanza kusema ndiyo. Mwaka mmoja kabla, walikuwa wameshainua mikono: tutatoa! Lakini Paulo aliwajua watu. Alijua kwamba kusema ndiyo kanisani ni rahisi, ila kati ya ndiyo ya leo na siku ya kutoa kuna kodi ya nyumba, kuna mgonjwa, kuna karo.

Kwa hiyo akawapa utaratibu. Soma 1 Wakorintho 16:2 uone mwenyewe. Kila siku ya kwanza ya juma, kila mmoja aweke kitu kando, kwa kadiri alivyofanikiwa, ili Paulo akifika kusiwe na mbio za kuchangisha. Angalia mambo matatu hapo. Ni kila juma, si mara moja. Ni kila mtu, si matajiri peke yao. Na ni kadiri ulivyopata, si kadiri jirani alivyopata.

Nendeni tena 2 Wakorintho 9. Paulo anasema amewasifu Wakorintho kwa watu wa Makedonia. Sasa anaogopa kwamba akija na Wamakedonia wawakute hawako tayari, aibu itakuwa ya wote. Anatuma ndugu watangulie, wakaandae mapema. Tena neno alilolitumia kwa zawadi ile lina maana ya baraka. Alitaka iwe baraka, isiwe kitu kilichokamuliwa. Wahenga wetu walishasema: haraka haraka haina baraka. Mtume na wahenga hapo wanakubaliana.

Yaliyonipata mimi

Wacha niwaambie jambo langu, kwa sababu sihubiri kama mtu ambaye hajawahi kuanguka.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa nimeoa, bado hata mwaka haujaisha. Nilikuwa na digrii ya biashara ukutani na kazi ya hesabu katika ofisi moja hapa Nairobi. Kazini nilikuwa natengenezea watu wengine bajeti, na wananishukuru. Lakini Krismasi yangu mwenyewe haikuwa na hata karatasi moja. Ilipofika katikati ya Desemba ndipo nikakumbuka kwamba nampeleka mke wangu nyumbani Kakamega kwa Krismasi ya kwanza, na kwamba mtu aliyesoma hawezi kufika ushago mikono mitupu.

Nikachukua mkopo wa simu. Haukutosha, nikachukua wa pili kwingine. Tarehe 22 nauli ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili, nikachukua wa tatu. Tulifika na kreti mbili za soda, mchele, vitenge, mikate, keki ya dukani na shati jipya mgongoni mwangu. Mama alitupokea kwa nyimbo. Kuku watatu walichinjwa, chapati zikapikwa mpaka watoto wa jirani wakabeba nyumbani. Nilijiona mtu kamili.

Tarehe 27 asubuhi nikatumwa dukani kununua kiberiti. Mwenye duka, mzee aliyenijua tangu nikiwa mdogo, akanisalimia vizuri, halafu akavuta kaunta buku kutoka chini ya meza. Akasema, "Kijana wangu, kwa vile umekuja, labda utamsaidia mama na hii." Nikaona jina la mama yangu. Chini yake: sukari kilo nne, unga wa ngano, mafuta ya kupika, majani chai, mchele, vikombe sita vipya. Yote yaliandikwa tarehe 23, siku moja kabla hatujafika.

Nilisimama pale na kiberiti mkononi. Mimi nilikuwa nimekopa ili mama asijue kwamba sina. Mama naye alikuwa amekopa ili mke wangu asijue kwamba hana. Watu wawili wanaopendana walikutana mezani, kila mmoja amebeba deni la kumficha mwenzake. Na mimi, msomi wa hesabu, sikuwa na pesa ya kulipia hata ukurasa ule mmoja.

Januari ilipofika, dada yangu mdogo alikuwa anaingia kidato cha tatu. Mama alinipigia, sauti yake ikiwa chini. Simu yangu ilikuwa na ujumbe wa wadai watatu. Dada alikaa nyumbani wiki mbili wenzake wakiwa darasani. Soda zilishanyweka siku nyingi. Wapendwa, ile Krismasi mimi sikuilipia. Aliyeilipia ni msichana wa miaka kumi na sita, kwa wiki mbili za masomo yake.

Simu ya Agosti

Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, nilimpigia mama. Nikamwambia, "Mama, najua ni mapema, lakini nataka tuongee habari ya Krismasi. Nina kiasi hiki tu. Niambie ukweli, unahitaji nini?" Alicheka kwanza. Akasema, "Nyinyi njooni tu, baba, hatuhitaji kitu." Nikanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Kama kweli unataka kujua, ile dawa yangu ya presha, siku hizi nameza leo, kesho naruka, ili ifike mwisho wa mwezi."

Nilikuwa nimempelekea kreti mbili za soda, wapendwa, na mama yangu alikuwa anaruka dawa.

Sikujua kwa sababu sikuuliza. Na sikuuliza kwa sababu katika wiki ile ya mbio za Desemba hakuna mtu anayemwuliza mwenzake kitu. Kila mtu anabeba tu, anapika tu, anatabasamu tu. Ukweli wa nyumbani unahitaji muda ili utoke. Agosti unatoka. Septemba bado unatoka. Tarehe 24 Desemba hautoki, umefunikwa na sufuria.

"Lakini mchungaji, imani iko wapi?"

Najua kuna mtu anasema Yesu alituagiza tusisumbukie kesho, Mathayo 6:34. Amina, ni Neno. Lakini ni Yesu huyo huyo, katika Luka 14, aliyesema habari za mtu anayetaka kujenga mnara. Alisema huketi kwanza akahesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Kusumbuka na kuhesabu si kitu kimoja. Anayesumbuka halali usiku. Anayehesabu huandika, huomba, halafu hulala. Wengi tunaosema "Bwana atafungua mlango" mwezi wa Oktoba, ndio hao hao tunaobisha mlango wa mkopo mwezi wa Desemba.

Na tumtazame Mungu mwenyewe. Je, Krismasi ya kwanza ilimshtukia? Mika alitaja Bethlehemu miaka kama 700 kabla, Mika 5:2. Wagalatia 4:4 inatuambia Mungu alimtuma Mwanawe wakati ulipotimia. Palikosekana nafasi katika nyumba ya wageni, ndiyo, lakini mpango haukukosekana. Hata wale mamajusi wa mashariki walikuwa wamefunga mizigo yao mapema. Hawakufika Bethlehemu ndipo waanze kuuliza duka la dhahabu liko wapi. Walifungua hazina zao, zawadi ikatoka. Mwambie jirani yako: zawadi ilitoka nyumbani.

Tufanye nini sasa?

Kwanza, piga simu. Kabla hujaandika bajeti yoyote, piga simu nyumbani wiki hii. Sema ulicho nacho na uulize ukweli. Nawe mzazi unayewangoja watoto, waambie kweli. Usikope vikombe kwa ajili ya mkwe.

Pili, anza na Januari. Chukua karatasi. Juu kabisa andika karo, sare, vitabu na kodi ya nyumba ya Januari. Chini yake ndipo uandike Krismasi. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema, tukafurahi. Lakini ukilipwa tarehe 20 Desemba, una siku 42 mpaka tarehe 31 Januari. Mshahara umekuja mapema, Januari haijapungua hata siku moja.

Tatu, weka kando kila Jumapili, kama Wakorintho. Shilingi 100 kwa Jumapili 16 ni shilingi 1,600. Shilingi 300 ni 4,800. Shilingi 500 ni 8,000. Mama mboga, mtu wa boda, fundi wa mjengo, wewe hupati mshahara wa mwezi, hata Paulo hakutaja mshahara. Alisema kadiri ulivyofanikiwa juma hilo. Juma baya, weka kidogo. Juma zuri, ongeza. Weka mahali ambapo mkono haufiki haraka, iwe ni chama, iwe ni akiba ya simu iliyofungwa.

Nne, nunua mapema vitu visivyoharibika. Sare na madaftari ya Januari ni bora Novemba, kabla msongamano haujaanza. Kama kazi yako inakuruhusu, safiri kabla ya wiki ya Krismasi, au ukate tiketi mapema.

Tano, kumbuka kikapu cha wajane. Kila mwaka tunakikusanya kwa haraka wiki ya pili ya Desemba, na kila mwaka tunapata unga mwingi, mafuta kidogo, na sabuni hakuna. Mwaka huu idara ya akina mama itaweka sanduku mlangoni kuanzia Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Kila familia ilete kitu kimoja tu kwa mwezi. Kimoja. Hivyo ndivyo baraka inavyoandaliwa.

Kwa asiye na kitu

Nimalizie na wewe ambaye hizo shilingi 100 zenyewe huna. Baada ya ibada ya kwanza, ndugu mmoja alinivuta kando ya lango. Akaniambia hajafika kwao Krismasi tatu sasa, kwa sababu tangu kazi iishe hana kitu cha kubeba. Wazazi wake wanadhani amewasahau.

Nilimwonyesha 2 Wakorintho 8:12, na ninakuonyesha wewe pia. Paulo anasema nia ikiwepo, mtu hukubaliwa kwa kile alicho nacho, si kwa kile asicho nacho. Mungu hakuhesabii soda ambazo hukununua. Yeye mwenyewe alipokuja kwetu alilazwa kwenye hori la kulishia ng'ombe, na wachungaji wa kondoo walifurahi vilevile. Kwa hiyo piga simu na wewe. Sema, "Mama, sina kitu, lakini nataka kuja." Ukiisema leo, nyumbani wana wiki nyingi za kukuandalia nafasi mioyoni mwao, na wewe una wiki nyingi za kutafuta nauli peke yake. Sisi wengine tunaoweka kando kila Jumapili, tukumbuke nauli ya ndugu kama huyu.

Jumapili ile zilikuwa 16. Unaposoma haya, zimebaki 15.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe ulikuja kwetu kwa wakati uliokuwa umeandaliwa. Tufundishe kuandaa bila kiburi, na kutoa bila kuficha. Walipe wenye madeni njia ya kutoka. Tupe ujasiri wa kuambiana ukweli nyumbani kabla Desemba haijafika, na uwahurumie watoto wetu wasilipie tena furaha yetu. Katika jina lako tumeomba, amina.