Mzizi na Udongo

Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa. Mtu aliyepigwa utotoni, aliyebakwa, au aliyenusurika vitani aweza kuketi nasi na kucheka, lakini mlango ukibamizwa ghafla mwili wake wote hushtuka. Akili inajua kwamba hatari imepita, mwili haujaamini. Je, mtu wa namna hii aweza kujirudishia mwenyewe nguvu aliyoporwa?

Wapo wajibuo kwamba aweza, nao hutuelekeza kwenye elimu ya kale ya Kihindi. Elimu hiyo husema kuwa chini kabisa ya uti wa mgongo kuna kituo cha uhai, chakra iitwayo muladhara. Kwa Kisanskriti, mula ni mzizi na adhara ni tegemeo. Purnananda, katika maandishi yake ya mwaka 1577, alikieleza kituo hicho kama ua lenye petali nne, na asili yake ni ardhi. Lakini tukumbuke kwamba shabaha ya wazee hao ilikuwa ukombozi wa kiroho. Kukifanya kituo hicho kuwa dawa ya kiwewe ni jambo la karne ya 20, hasa huko Marekani na Ulaya. Mazoezi yenyewe ni mepesi: kusimama peku ardhini, kuketi na kuusikia uzito wa mwili, kuvuta pumzi polepole.

Chakra haionekani kama ini au figo, nami sidai kwamba ipo kwa namna hiyo. Hata hivyo, tusiyadharau mazoezi. Mwaka 2014, Bessel van der Kolk na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya utafiti juu ya wanawake 64 waliokuwa na kiwewe sugu. Baada ya majuma 10 ya yoga, wanawake 16 kati ya 31 hawakuhesabiwa tena kuwa na ugonjwa huo. Katika kundi lililopewa mafunzo ya afya tu, walikuwa 6 kati ya 29. Utafiti huo haukupima chakra yoyote. Ulionyesha tu kwamba mwili nao hufundishika.

Sababu, kwa maoni yangu, ni hii: aliyedhulumiwa alinyang'anywa hiari. Anapoamua mwenyewe kuinua mkono, kuushusha, au kukataa zoezi lisilompendeza, anaanza tena kutoa amri katika nyumba yake.

Lakini hapa pana hatari. Kumwambia majeruhi kwamba nguvu zote zimo ndani yake kwaweza kuwa jeraha la pili. Asipopona, tutasema hakujitahidi. Na aliyemtenda atapita njiani akiamkiwa kwa heshima. Kumfundisha binti kuvuta pumzi, kisha kumrudisha kulala chini ya paa moja na aliyemuumiza, si tiba. Ni dhihaka.

Wazee wa muladhara waliuweka mzizi pamoja na ardhi, nao walikuwa na busara. Mzizi hauoti hewani. Udongo wa binadamu ni jirani anayemwamini, nyumba isiyo na kipigo, na baraza lisilomwonea haya mkosaji mwenye cheo. Pumzi ni kazi ya majeruhi mwenyewe, naye aifanye kwa saburi. Udongo ni kazi yetu sisi wengine, na hatuwezi kumtwisha yeye.