Nyonga Inayouma kwa Nje

Mama uliyeshindwa kulalia ubavu usiku kucha kwa maumivu ya nje ya nyonga, usianze kuogopa kisu. Mara nyingi zinazouma ni kano za misuli ya makalio, hasa kwa wanawake waliovuka miaka 40. Huzidi kubanwa ukikaa umekunja nne, au ukisimama umeegemea mguu mmoja. Ukilala, weka mto katikati ya magoti. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba, baada ya wiki 8, mazoezi na maelekezo yaliwasaidia wengi kuliko sindano ya steroidi. Wiki 8, jamani, tuvumilie! Ila ukianguka ukashindwa kukanyaga, nenda hospitali leo hii.